Sungura wangu amemng'ata mgeni: je, watawahi kuishi pamoja?

Dada yangu wa Bombo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema jike wako Asali ana miaka miwili, na amebaki peke yake tangu ndugu yake alipokufa. Wiki iliyopita ukamnunulia mwenzi, dume wa miezi minne mliyempa jina Simsim, kutoka kwa mfugaji wa Wakiso. Mlimtia moja kwa moja kwenye banda la Asali. Dume akampanda, Asali akageuka akamng'ata sikio, manyoya yakaruka, watoto wakalia. Sasa Asali yuko bandani na Simsim yuko kwenye boksi jikoni. Mfugaji amekuambia kwa simu kwamba sungura hawafugwi wawili wawili, kila mmoja ana kizimba chake. Jirani naye amekushauri uwatie kwenye gunia moja uwazungushe na boda boda mpaka wazoeane. Unauliza nani ana haki, na kama wawili hawa watawahi kulala pamoja.

Watawahi, kwa uwezekano mkubwa. Jike na dume ndio jozi inayopatana kwa urahisi kuliko zote. Lakini jipe miezi miwili au zaidi. Na kabla hatujafika kwenye urafiki, kuna sikio la Simsim na kuna tumbo la Asali.

Sikio kwanza. Jeraha la meno ya sungura huonekana dogo kwa nje, kisha linafunga usaha ndani. Usaha wa sungura si wa maji kama wetu, ni mzito kama siagi, hautoki wenyewe. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yapoe, umsafishe sikio mara mbili kwa siku kwa kitambaa safi, na umweke mahali nzi hawafiki. Ukiona uvimbe au ukisikia joto pale, mpeleke kwa daktari. Ninachokuomba sana ni hiki: usiende duka la dawa ukanunua amoksilini au ampisilini ukampa kwa mdomo. Dawa za jamii ya penisilini zikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vinavyomsaidia kusaga majani tumboni, vibaya vinachukua nafasi, na mnyama anaharisha mpaka kufa. Nimeletewa sungura wa namna hiyo zaidi ya mara moja, wote wametibiwa kwa upendo na watu waliotaka kusaidia, na wengi sikuweza kuwaokoa.

Kuhusu tumbo: umeandika kwamba dume alimpanda "kidogo tu". Kwa sungura kidogo kinatosha. Jike wa sungura hangoji siku zake kama ng'ombe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakoamsha mayai, na saa kama 10 baadaye yanatoka. Dume wa miezi minne anaweza kuwa tayari anazalisha. Kwa hiyo chukua kalenda, tia alama siku ile, uhesabu. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32. Daktari mwenye mkono mwepesi anaweza kuipapasa kuanzia siku ya 12 au ya 14. Wewe usijaribu kubonyeza. Ikifika siku ya 28 mwekee Asali sanduku lenye nyasi kavu, hata kama huoni dalili. Akianza kung'oa manyoya ya kifuani mapema, kama siku ya 16 au 18, huenda ni mimba ya uongo, ambayo hutokea na hupita. Ikiwa ni ya kweli, mpango wote ninaokuandikia hapa chini unasubiri mpaka watoto waachishwe kunyonya, na Simsim asimkaribie kabisa siku ya kuzaa, kwa sababu jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kujifungua.

Sasa turudi kwa mfugaji wako. Usimkasirikie, ana haki kwa kazi yake. Anafuga kwa ajili ya nyama na mbegu, na sungura wazima ambao hawajahasiwa ukiwachanganya watachanika. Lakini muulize jambo moja: siku ya kupandisha, nani hupelekwa kwa nani? Atakuambia jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume, kamwe si dume kwa jike. Kila mfugaji wa sungura kuanzia Wakiso mpaka Mbale anajua hilo. Jike akifuatwa kwake atamshambulia dume. Jike huyohuyo, dume huyohuyo, ukibadilisha mahali tu, wanatulia.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, dada. Asali hakumchukia Simsim. Alikuwa hamjui. Alilinda banda lake.

Sisi tumelelewa na ngano za sungura mjanja anayetembea peke yake akiwalaghai fisi na simba. Yule wa hadithi ni sungura wa nyikani, anayelala juu ya ardhi kwenye majani na hana nyumba. Huyu wako ni wa jamii nyingine. Asili yake ni upande wa Hispania na Ureno, huko ambako sungura huchimba mashimo na kuishi humo kwa ukoo, majike na madume, kila ukoo na eneo lake. Ndiyo maana ana tabia mbili zinazoonekana kupingana: anaumia akikaa pekee, na anampiga mgeni anayeingia mlangoni. Umemwona Asali anavyopitisha kidevu chake kwenye pembe za banda, kwenye bakuli, hata kwenye kiatu chako? Chini ya kidevu kuna tezi. Anaandika jina lake. Simsim aliingia kwenye nyumba iliyoandikwa jina la mtu kila ukuta.

Kazi yetu basi ni kuwakutanisha mahali ambapo hapana jina la mtu, baada ya harufu zao kuzoeana. Mengine yote ni kuandaa hilo.

Anza kwa kuwatenga kabisa, chumba na chumba, kwa siku 14 kuanzia siku aliyofika Simsim. Najua tayari wamegusana, lakini kutenga bado kuna faida. Sungura wa mazizi makubwa huja na utitiri wa masikio, mafua ya kupiga chafya, au ugonjwa wa koksidia unaoharisha wadogo. Mhudumie Asali kwanza, kisha Simsim, unawe mikono na ubadilishe nguo ya juu. Angalia ndani ya masikio yake kama kuna magamba ya kahawia, angalia miguu ya mbele kama imelowa makamasi, maana sungura hujipangusa pua kwa mikono. Na hakikisha ni dume kweli. Kukosea jinsia ya sungura mdogo ni jambo la kila siku, hata kwa wazoefu. Ukimbonyeza taratibu sehemu za siri, dume hutoa kama kijibomba chenye tundu la duara, jike huonyesha mpasuko.

Baada ya hapo, kuhasi. Hapa sitakuficha maoni yangu: bila kumhasi Simsim, usiwaweke pamoja hata dakika moja. Kwanza utakuwa na watoto kila mwezi, na Bombo nzima haitakuwa na mahali pa kuwapeleka. Pili, dume asiyehasiwa atamfuata Asali usiku na mchana, atamkojolea, atamchosha, naye atamng'ata tena, na safari ijayo huenda si sikio. Jike anayepanda kichwani mwa dume, au dume anayempanda jike kwa kugeukia kichwa, huweka sehemu za siri mbele ya meno ya mwenzake. Nimeshona majeraha ya namna hiyo. Si kitu cha kuachia bahati.

Kumpata daktari ndiyo sehemu ngumu kwetu. Madaktari wengi wa mifugo wa hapa Uganda wamekulia kwenye ng'ombe, mbuzi na mbwa, na sungura halazwi dawa ya usingizi kama mbwa. Toka Bombo ushuke Kampala, na kabla ya kukubali, muulize daktari maswali mawili. La kwanza: umeshawahasi sungura wangapi, na wangapi waliamka? Mtu mwenye uzoefu hatachukizwa na swali hilo. La pili: nimnyime chakula usiku kabla ya upasuaji? Akikujibu ndiyo, mshukuru uondoke. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama hata saa chache. Anapaswa kula mpaka karibu na wakati wa kazi na kuanza kula tena mara anapozinduka. Jibu la swali hili la pili peke yake limenionyesha mengi kuhusu wenzangu.

Kumtoa Asali kizazi nako kuna faida kubwa, kwa sababu majike wasiofanyiwa upasuaji hupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi wakishapita miaka minne. Pia jike aliyefanyiwa hupunguza ukali wa kulinda banda. Lakini ni upasuaji mkubwa kuliko wa dume, wa kufungua tumbo. Kama huna daktari unayemwamini kwa kazi hiyo, mhasi Simsim kwanza, umwache Asali kwa sasa.

Na dume akishahasiwa, bado hajaisha nguvu ya kuzalisha. Mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kuzalisha kwa wiki 4 hadi 6. Ngoja sita kamili.

Wiki hizo sita si za kukaa bure, ndizo za thamani kuliko zote. Sasa unawaleta chumba kimoja, kila mmoja ndani ya wavu wake, wakionana na kunusana lakini wasifikiane. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya wavu na wavu. Nimesema 10 kwa sababu niliwahi kupuuza. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimruhusu mteja aweke waya mmoja tu wa kuku kati ya majike wawili, na asubuhi mmoja alikuwa amepoteza kipande cha mdomo. Kile kipande cha mdomo kinanifanya nirudie neno hili kwa kila anayeniuliza.

Kila siku ya pili wabadilishe: chombo cha choo cha Simsim kiende kwa Asali, cha Asali kiende kwa Simsim. Baadaye wabadilishe wenyewe, huyu alale kwa yule. Siku za mwanzo utaona hasira. Asali atapiga mguu chini, atamwaga kinyesi kila mahali kama anayetia sahihi upya. Muache. Walishe kwa wakati mmoja, chakula wanachokipenda kiwe karibu na wavu pande zote mbili: majani ya viazi vitamu, magugu ya sere au kafumbe mliyoyang'oa shambani, nyasi ndefu zilizokauka kivulini. Majani ya parachichi wasiguse kabisa, ni sumu kwao, wala majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Ninachotaka wajifunze ni kwamba harufu ya yule mwingine huja pamoja na sinia ya chakula.

Utajua wako tayari siku utakapowakuta wamelala, kila mmoja upande wake wa wavu, migongo karibu, miguu ya nyuma imenyooshwa. Sungura aliyenyoosha miguu ya nyuma hajajiandaa kukimbia. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini, kuliko kunusana kwa pua.

Halafu ndipo wakutane. Mahali pawe ambapo Asali hajawahi kukanyaga: bafu lililosafishwa, chumba cha wageni, hata sebule ya dada yako wa nyumba ya pili. Sakafu ya sementi laini inawatelezesha na kuwatia hofu, kwa hiyo tandika gunia la katani au blanketi kuukuu. Si gunia la plastiki la mchele, maana nyuzi zake wakizimeza zinaziba utumbo. Weka boksi lenye milango miwili. Boksi la mlango mmoja ni mtego, anayefukuzwa ataingia na kukosa pa kutokea. Mwaga majani sehemu tatu au nne ili asiwepo wa kulinda bakuli. Fanya asubuhi mapema au jioni. Saa nane mchana chini ya mabati sungura anahangaika na joto tu, hana jasho la kumpoza, na joto likipita nyuzi 30 linaweza kumuua hata bila ugomvi. Watoto wakae nje mara za mwanzo. Wewe kaa chini, na taulo nene mkononi, na kipande cha mbao au kizoleo cha taka karibu.

Dakika 10. Si zaidi, hata kama wanapendeza. Unataka wamalize wakiwa watulivu, ili kesho wakumbuke utulivu.

Sasa ngoja nikueleze unachokiona, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema au hukawia kuingilia. Simsim akimpanda Asali nyuma, hata baada ya kuhasiwa, ni mazungumzo ya nani mkubwa. Mwache sekunde kadhaa, asipoteremka mteremshe taratibu. Akipanda upande wa kichwa mtoe hapohapo. Kufukuzana raundi moja au mbili kisha kusimama ni kawaida. Kung'oa manyoya kidogo, kawaida. Kukaa kila mmoja kona yake akijilamba kana kwamba mwenzake hayupo, hiyo ni kawaida na ni nzuri. Sungura anayejilamba mbele ya mgeni ameshampa imani kidogo. Na ukiona mmoja anakwenda mbele ya mwenzake, anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa chini, anaomba alambwe. Mara ya kwanza huenda wote wawili wakainamisha vichwa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, wakakaa hivyo dakika nzima. Usicheke kwa sauti, utawashtua.

Kinyume chake ni masikio kulazwa nyuma kabisa, mkia juu, mwili kukaza, na wawili kuanza kuzungukana kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, kwa kasi. Hapo usingoje. Baada ya mzunguko huo huja mviringo wa manyoya unaobingirika, meno na kucha za nyuma kazini, na sekunde tano zinatosha kumtoa mtu jicho. Telezesha kizoleo au mbao katikati yao kabla ugomvi haujaanza, na ukiwa umeanza tupa taulo juu yao. Mkono mtupu usiingize. Watakung'ata bila kujua wewe ni nani. Wakishapigana kweli, kagua ngozi yote kwa vidole, warudishe kwenye wavu wao, ungoje siku kadhaa, na safari ijayo badilisha mahali.

Kuhusu gunia na boda boda: hapana, dada. Najua ushauri huo, na wenye sungura wa nchi nyingine wana wa kwao, wa kuwazungusha ndani ya gari. Sungura wawili wakibanana kwa woga hawajapendana, wanajificha kwa kilicho karibu. Mshipa wa hofu ukiwapanda wanarusha miguu ya nyuma kwa nguvu inayoweza kuvunja uti wao wenyewe wa mgongo, na mwenye hofu kubwa huacha kula. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura. Kuwaogesha pamoja nako usikubali.

Ongeza dakika pole pole: 10, 15, 30, saa moja. Jozi nyingine hukubaliana wiki ya kwanza, nyingine wiki nane, na wewe mwanzo wako ulikuwa mbaya kwa hiyo tegemea kuelekea mwisho huo. Wakishakaa saa nyingi, siku kadhaa mfululizo, wakila sinia moja, wakilala pamoja na kulambana bila kufukuzana, waache mchana na usiku mzima palepale mahali pageni, ukilala karibu ukiwasikiliza.

Ndipo uguse banda. Litoe kila kitu, lioshe kwa maji na siki mpaka jina la Asali lifutike, ligeuze mpangilio, bakuli lililokuwa kulia liende kushoto, na ikiwezekana lihamishie upande mwingine wa ua. Waingize wote wawili kwa pamoja. Asali akianza tena ubwana, usimtoe Simsim peke yake. Watoe wote, warudi mahali pageni siku mbili, mjaribu tena. Kuanzia siku hiyo wanakwenda wote kwa daktari hata kama mgonjwa ni mmoja, kwa sababu anayerudi na harufu ya hospitali anaweza kupokelewa kama mgeni.

Na ikishindikana? Hutokea. Kuna jozi ambazo hazikubaliani hata ufanye nini, na kuna nyumba ambazo hela ya upasuaji haipatikani. Basi waache wavu kwa wavu, sentimita 10 kati yao, kila mmoja na nafasi ya kukimbia. Watalala wakisogeleana, watakula pamoja, watajuana. Si maisha ya huzuni hayo, na ni bora mara kumi kuliko kumrudisha Simsim Wakiso.

Ukienda kwa daktari wiki hii kwa ajili ya sikio, mchukue Simsim kwenye boksi lenye matundu na konzi ya nyasi ndani, mvae leso shingoni wewe au mtoto mmoja, kisha mkirudi iwekeni hiyo leso, ikiwa imeshika harufu ya Simsim, karibu na anapolala Asali. Kwa sababu ya karantini iwe leso ambayo haikugusa jeraha. Na usisahau ile alama kwenye kalenda.